Mchumba wangu kapanga fungate kama ziara ya waziri

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dodoma, nina miaka 29. Mungu akijalia, Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tisa naolewa. Mwenzangu ni mhasibu, mtu wa utaratibu, hanywi, hana makelele, na ananipenda, hilo sina shaka nalo. Shida yangu ni fungate.

Tangu mwezi wa nne sijapumzika. Vikao kila Jumapili, kuwapigia watu simu za michango, kicheni pati, sendofu, sare za akina mama, na huku shuleni nasahihisha mitihani. Nimepungua hadi fundi kalirudisha gauni kwenye cherehani mara ya pili. Nilichokuwa naomba ni kitu kimoja tu: baada ya harusi twende Zanzibar, tulale, tuamke tukitaka, tukae ufukweni. Sijawahi kufika huko. Bahari nimeiona Dar, Coco Beach, tena nikiwa nimekaa mbali kwa sababu sijui kuogelea.

Wiki iliyopita akanitumia ratiba. Shangazi, kaiandika kwenye Excel, na kila siku ina rangi yake. Jumapili, treni ya asubuhi kwenda Dar na boti ya alasiri. Jumatatu asubuhi kisiwa cha Changuu kuona kobe, mchana kutembea Mji Mkongwe, jioni Forodhani. Jumanne mashamba ya viungo, halafu msitu wa Jozani, kulala Nungwi. Jumatano saa kumi na moja alfajiri tunaondoka kwenda Kizimkazi kuona pomboo, tunalala Paje. Alhamisi Fumba, safari ya jahazi kutwa nzima. Ijumaa ndege kwenda Pemba. Jumapili tunarudi Dodoma, na jioni hiyohiyo kuna kikao cha kuvunja kamati. Jumatatu wote tuko kazini.

Nilipomuuliza tutapumzika lini, akacheka, akasema, "Sasa tukikaa tu, tutafanya nini?" Nikanyamaza. Kaifanya hiyo kazi usiku baada ya ofisi, na nikiikataa naona atavunjika moyo.

La pili. Msimamizi wetu wa ndoa na mkewe nao wanataka kuja. Wanasema hawajawahi kutembea tangu waoane, na tukiwa wanne tutagawana gari na boti. Huyo kaka kachanga pesa nyingi kwenye harusi yetu na ndiye aliyemsaidia mwenzangu kupata kazi. Mwenzangu hajakubali wala hajakataa, anasema "tutaona".

La tatu ni hela. Tumetenga milioni mbili na nusu. Zikipungua, anasema tutajazia na za kutunzwa ukumbini. Mimi hilo linanikosesha usingizi.

Halafu naogopa boti. Watu wananiambia kuna siku wasafiri wote wanatapika. Na mama mkwe mtarajiwa kanionya kwamba kule ni kwa Waislamu, nisithubutu kuvaa nguo ya kuogelea. Sasa nitavaa nini?

Nisaidie, hasa namna ya kumwambia mwenzangu.

Bibi harusi aliyechoka, Dodoma

*

Marahaba mwanangu, na hongera. Ratiba yenu nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa natafuta mahali palipoandikwa "kupokea taarifa ya mkoa".

Nianze na sentensi uliyoipita haraka: "Tukikaa tu, tutafanya nini?" Wewe umeichukua kama mzaha. Mimi naona ndilo jambo lenyewe. Mwenzio hajawahi kukaa bure na wewe kutwa nzima. Mmechumbiana, mkaingia kwenye vikao, na sasa kila mkionana kuna jambo la kumaliza: ukumbi, kadi, keki, mtu ambaye hajatimiza ahadi yake. Mhasibu ukimwonyesha siku tano zisizo na kitu, anaona pengo kwenye hesabu, na pengo kwake lazima lijazwe. Tena kuna la fedha. Aliyekua kwa kubana matumizi, akilipia safari anataka aone kila shilingi imekwenda wapi, na usingizi hauna risiti. Kwa hiyo usimwendee kwa lawama kwamba ni mbishi. Ana woga wake, nawe una wako wa boti.

Lakini nikukosoe kidogo. Umechoka tangu mwezi wa nne, na wa kwanza kuambiwa ukweli wote ni shangazi usiyemjua. Mwambie yeye, wiki hii. Isiwe usiku wa kikao, wala usimwandikie kwenye simu, maana maandishi yatasomeka kama malalamiko. Mtafute akiwa ameshakula, mwambie hivi: "Nimechoka hadi nikiwa peke yangu nalia. Ratiba yako ni nzuri, ila naomba siku ambazo hatuangalii saa. Chagua vitu viwili unavyovitaka kuliko vyote, mimi nichague kimoja, vingine tuviache." Ishia hapo. Usianze kutetea hoja. Mwanaume aliyepewa nafasi ya kuchagua viwili ataanza kuchagua, na wakati anachagua ratiba ya mwanzo itakuwa imeshakufa.

Akiuliza ni nani aliwahi kufanya fungate ya kukaa tu, mwambie ni watu wa pwani wenyewe. Kwa desturi ya zamani ya Waswahili, maarusi walikaa ndani siku saba. Chakula kililetwa, somo wa bibi harusi, yaani kungwi wake, alikuwa karibu kuhakikisha hakipungui kitu, na bwana harusi hakutarajiwa kwenda kazini wala kumtembelea mtu. Hakuna aliyewatoa alfajiri kwenda kuangalia pomboo.

Sasa tuitazame ratiba na ramani mkononi. Nungwi ni ncha ya kaskazini ya Unguja, Kizimkazi ni ncha ya kusini. Jumatano hiyo mnakatiza kisiwa kizima, zaidi ya saa mbili kwenye gari, mkiwa na usingizi. Mkifika mtakuta boti kadhaa zimewazunguka pomboo walewale, kila nahodha anakimbilia mbele yao ili wageni wake waruke majini. Wanyama wanasumbuliwa, na wewe hujui kuogelea. Hilo mimi lingekuwa la kwanza kufutwa hata kama ningekuwa na nguvu zangu zote.

Pemba nayo itoke. Naipenda sana, na ndiyo sababu sitaki muifanyie siku moja na nusu. Ufukwe wa Vumawimbi, msitu wa Ngezi, kisiwa cha Misali, vyote vinataka mtu aliyekwisha kulala. Iwe safari ya mwaka wa kwanza wa ndoa. Au, kama mwenzio anapenda viumbe vya baharini, awekeze akili yake kwenye Mafia, ambako papa potwe huonekana kuanzia Oktoba hadi Machi. Mpe hiyo afungulie Excel mpya, itamfariji.

Halafu hiyo Jumapili. Mwanangu, utatoka ukumbini usiku wa manane, pini za nywele zikiwa bado kichwani, miguu imevimba, na asubuhi uwahi treni? Jumapili hamwendi popote. Na msilale nyumbani, kwa sababu nyumbani kutakuwa kumejaa wageni waliotoka mikoani na kila mmoja atataka kukuaga. Chukueni chumba hapohapo Dodoma, zimeni simu, mlale mpaka mchana. Hiyo ni siku ya kwanza ya fungate, na ndiyo itakayokuwa rahisi kuliko zote.

Jumatatu ndiyo mpande treni. Mwendo wa SGR ni muda wa saa nne hivi, na kutoka stesheni ya Dar hadi bandari ya boti za Zanzibar si mbali, hata mkiwa na mizigo. Boti ya mwendo kasi ni kama saa mbili. Usiku wa Jumatatu laleni Mji Mkongwe, mahali pa kufika kwa miguu kutoka Forodhani. Jioni mtashuka pale mle urojo na mishkaki, mnywe juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, mrudi kulala. Mji wenyewe ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, lakini hautakimbia, na vichochoro vyake vinapendeza zaidi ukipotea bila kuongozwa na mtu.

Jumanne, bila haraka, mwende ufukweni, na hapo mkae usiku minne mahali pamoja. Chumba kimoja. Hili silipunguzi. Kila mnapohama hoteli mnapoteza nusu siku: kupanga mabegi, kusubiri chumba kisafishwe, kubishana na dereva, kuzoea kitanda kipya. Ratiba ya mwenzio ina vituo vinne kwa wiki moja.

Sasa ufukwe gani. Hapa ndipo watu wengi wa bara huumia, kwa sababu picha walizoziona zilipigwa maji yakiwa yamejaa. Upande wa mashariki, yaani Paje, Jambiani, Bwejuu, Matemwe, bahari hukupwa ikaenda mbali sana, hadi unauona mstari mweupe wa mawimbi kule kwenye mwamba na huku mbele yako ni mchanga na madimbwi. Nungwi na Kendwa, kwa umbo la pwani yake, maji hayaendi mbali hivyo na mtu anaweza kuogelea karibu muda wote. Lakini Nungwi na Kendwa kuna muziki, kuna umati, na kuna mapapasi, wale vijana wanaokufuata na bangili, boti na urafiki kabla hujakaa chini. Watu wanaotaka kucheza waende huko. Wewe uliyeniandikia barua hii nakupeleka Jambiani.

Kwa asiyejua kuogelea, kupwa kwa maji kule ni neema. Asubuhi bahari ikiwa imeondoka, mnashuka wawili na viatu vya mpira miguuni (usishuke peku, kuna vile viduara vyeusi vyenye miiba), mnatembea kwenye maji yasiyofika magotini. Ngalawa zimelala ubavu kwenye mchanga. Mbele kidogo mtawakuta akina mama wa mwani, wameinama kwenye mistari ya kamba zilizofungwa kwenye vijiti, wanakagua fundo moja baada ya jingine, gunia likielea pembeni. Mkiwasalimia vizuri watawajibu, na pengine watakuuliza una mtoto au bado. Maji yakianza kurudi utawaona wote wanatoka kwa pamoja, na wewe utoke.

Maji yana saa zake, na mhasibu wako atalipenda hili. Hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa karibu dakika 50. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama ndiyo bamvua: bahari hujaa hadi kwenye ukuta wa hoteli na kupwa hadi mbali kabisa. Siku hizo Unguja maji huwa yamekupwa asubuhi mnamo saa nne, na yamejaa alasiri mnamo saa kumi. Katikati ya bamvua mbili ni maji mafu, bahari haipandi sana wala haishuki sana, na saa hizo hugeuka, asubuhi ndiyo yanajaa. Kwa hiyo kabla ya kulipa, angalieni mwezi wa wiki hiyo uko wapi. Mpe kazi hiyo yeye. Akitaka jedwali la kujaza rangi, hilo ndilo lenye faida.

Majira yenu ni mazuri. Masika yamepita, baridi ya kipupwe inaisha, vuli bado, na upepo wa kusi unaelekea kulegea. Kama mngeniambia Aprili au Mei ningewakataza, maana mvua ni nyingi na baadhi ya hoteli hufungwa. Na kwa msomaji mwingine anayepanga: angalia kalenda ya Ramadhani. Hoteli za ufukweni huendelea kuhudumia, ila mjini na vijijini hutakula hadharani mchana, na sehemu nyingi za chakula zinafungwa.

Vile vitu vitatu sasa. Jozani msiuhesabu, kwa sababu uko njiani kutoka mjini kwenda Jambiani. Siku ya Jumanne mwambieni dereva asimame, mwone kima punju wenye migongo myekundu, saa moja inatosha, safari iendelee. Hapo mwenzio keshapata kimoja bure. Kati ya vyake viwili, nitashangaa asipochagua jahazi la Fumba, na hilo usimkatalie. Ni kutwa nzima, lakini sehemu kubwa ni kukaa: mnapepea na tanga kwenye ghuba ya Menai, mnashuka kwenye fungu la mchanga, mnakula samaki na kamba wa kuchoma chini ya mti. Wewe utavaa boya, uingie maji ya kiunoni, utoke. Kisiwa cha Mnemba watu wanakisifu kwa samaki wa rangi, na ni kweli, ila huko ndiko wanakokwenda wanaojua kupiga mbizi, na boti ni nyingi mno.

Chako ningekushauri kiwe mashamba ya viungo, Jumanne hiyohiyo asubuhi, kabla hamjatoka mjini. Ni nusu siku, na kila kitu unakinusa na kukionja: mdalasini unabanduliwa gome mbele yako, iliki inachumwa chini kabisa kwenye shina, pilipili manga inapanda juu ya mti mwingine. Kule Kidichi ombeni mpelekwe kwenye hamamu za Waajemi, yaani mabafu ya kale, alizozijenga Sultani Sayyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mke wake wa Kiajemi. Mwenzio aone mume mwingine alivyompangia mkewe mapumziko.

Siku nyingine zote ziandikwe "hakuna". Atahangaika siku ya kwanza, nakuambia mapema. Atatoka, atarudi, atauliza kama boti zimeshajaa. Mwache. Kufikia siku ya pili mchana atakuwa amelala kwenye kivuli mdomo wazi. Mkianza kuzungumza mambo ambayo hamjawahi kuyagusa kwa sababu ya vikao, mtaona kwamba mlikuwa hamjuani vizuri mlivyodhani. Hiyo si habari mbaya.

Kuhusu msimamizi na mkewe. Hili ndilo zito, na usilibebe wewe. Bibi harusi akikataa ataambiwa ana kiburi kabla hajahamia. Ni kazi ya mwenzio, na aifanye sasa, kwa sababu "tutaona" ni mbaya kuliko hapana. Kule kwao shemeji keshaanza kununua madera ya safari. Aende nyumbani kwao, asipige simu, aseme: "Kaka, umetubeba kwenye harusi hii na hatuna cha kukulipa. Safari hii tunaomba twende wawili. Tukirudi, wageni wa kwanza kuingia kwetu na kula chakula cha mke wangu ni wewe na shemeji." Mtu mzima akisikia hivyo ataelewa. Tena ni msimamizi, kesho mkikosana ndiye atakayewapatanisha. Afadhali aanze kwa kuheshimu mlango wenu. Akinuna, atanuna wiki moja. Hoja ya kugawana gari haipo tena, kwa sababu hamhitaji gari la kutwa. Mnahitaji la kwenda, la kurudi, na la siku ya Fumba.

Na mwenyekiti wa kamati aombwe kikao cha kuvunja kisogezwe wiki mbili mbele. Bia na mbuzi wa kamati havitaharibika. Rudini Jumamosi jioni, Jumapili iwe ya kufua na kuzoea nyumba.

Hela. Milioni mbili na nusu kwa wawili inatosha kwa mpango huu, mkichagua hoteli ya wastani, na kwa Pemba na vituo vinne ingewaishia njiani. Hela za kutunzwa msiziguse hata kwenye mawazo. Zina wenyewe: ukumbi uliobaki, mpiga picha, mtu wa muziki, na mjomba aliyekwama bila nauli ya kurudi. Panga kwa hizo mlizonazo, na mtoe kwanza fungu la dharura mlifiche.

Bei ya chumba unayoiona kwenye mitandao ya kuhifadhi vyumba mara nyingi ni ya mgeni kutoka nje. Hoteli nyingi za Unguja zina bei ya wakazi, ila hawakupi usipoiuliza. Piga simu au andika kwa Kiswahili, sema ninyi ni Watanzania, mnakuja fungate, bei ya wakazi ni kiasi gani na inajumuisha nini. Neno fungate lina faida: wengi watawapambia kitanda kwa maua, wengine watawapa chumba kizuri zaidi kikiwa wazi. Uliza bei ya chakula cha usiku kabla hujatuma malipo ya awali, kwa sababu hoteli iliyo peke yake porini itawauzia wali kwa bei inayoitaka yenyewe. Hiyo ni sababu nyingine ya Jambiani; kijiji kiko palepale, mtatoka mle pweza wa nazi kwa mama ntilie. Uliza pia kama kuna jenereta, na kama dirisha linapokea upepo. Nauli ya boti ya raia ni nafuu kuliko ya mgeni. Nendeni na vitambulisho vya NIDA, na mkate tiketi ofisini au kwenye tovuti ya kampuni, siyo kwa anayewakimbilia nje ya geti. Bebeni nakala ya cheti cha ndoa. Nyumba za wageni nyingine huwauliza wenyeji, na mkiulizwa mkiwa nacho mtacheka tu.

Boti. Waliokuambia kuhusu kutapika hawakudanganya, ila wanasimulia siku za kusi kali, mwezi wa sita mpaka wa nane. Septemba mwishoni bahari inatulia, ingawa haina ahadi. Nenda duka la dawa, mwambie mfamasia unataka dawa ya kichefuchefu cha safari, umeze kabla ya kupanda kama atakavyokuelekeza, maana ukishaanza kutapika vidonge havisaidii. Kama kuna uwezekano una ujauzito, mwambie, mimi sikuulizi. Kula kidogo, mkate mkavu au ndizi, usiende na tumbo tupu wala lililojaa chipsi. Kaa chini, katikati kuelekea nyuma, ambako boti haichezi sana, na tazama mbali nje badala ya simu. Wakati wa kurudi chukueni boti ya asubuhi, kwa kawaida upepo unakuwa bado haujakolea. Ukiona huwezi kabisa, ndege kutoka Dar ni dakika 20 hivi, ila itakula hela ya usiku mmoja.

Ukiwa duka la dawa, piga pia hesabu ya tarehe zako. Gauni limepangiwa siku, saluni imepangiwa siku, na hili wasichana wengi hulisahau mpaka wako kwenye treni. Kama zitaangukia wiki hiyo, zungumza na muuguzi mapema, wiki kadhaa kabla, siyo siku mbili.

Mama mkwe hajakosea, ila kajumlisha. Ufukweni mbele ya hoteli, na kwenye jahazi, nguo ya kuogelea ni kawaida. Ukiona haya, zipo za kaptura na mikono, zinauzwa hata Dodoma. Ukiingia kijijini au Mji Mkongwe, funika mabega na magoti, na vivyo hivyo mkienda kutembea kule kwenye mwani, maana pale ni mahali pa kazi pa watu, wala msiwapige picha bila kuwaomba. Mwenzio pia avae fulana, asitembee kijijini kifua wazi. Dera jepesi na kanga vitakutosha siku zote hizo. Kanga beba doti mbili, na waambie akina mama wa sendofu wakupe mpya, zisiwe zile za sare.